Kiingereza Kwenye Theluji ya Takada

Takada ni mji wa kale wa ngome uliomo ndani ya jiji la Jōetsu, mkoa wa Niigata, upande wa Japani unaotazama bara la Asia. Kila ifikapo Desemba, pepo za baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani zikifyonza unyevu, kisha hugota kwenye milima iliyo nyuma ya mji na kuutua mzigo wote papo hapo. Februari 1945 theluji iliyolala Takada ilipimwa ikawa sentimita 377, kimo cha kumzika mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Tangu karne za nyuma, kila mwenye duka alisogeza paa la mbele ya nyumba yake hadi ukingo wa barabara, likashikana na la jirani, na la jirani wa jirani, mpaka ikapatikana njia iliyofunikwa ambayo mtu huipita mtaa kwa mtaa bila kukanyaga theluji. Njia hizo huitwa gangi. Zilizosalia Takada, ukizijumlisha, bado zinafika kilomita nyingi. Ardhi iliyo chini yake ni ya wenye nyumba, lakini umma hupita bila kuulizwa. Mimi ni mtoto wa Kilifi, nimekulia barazani, na jambo hilo la mtu kutoa sehemu ya kiwanja chake ili mpita njia asitaabike lilinifanya niupende mji kabla sijajua hata pa kununua chumvi.

Nilifika Aprili 2023 kuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza katika shule za serikali. Aprili ndio mwanzo wa mwaka wa shule Japani, na maua ya sakura yalikuwa yamefunika handaki la maji la ngome, taa zikiyamulika usiku, familia zimetandika mikeka chini ya miti. Sikupata muda mrefu wa kuyatazama. Mgeni anayehamia mtaa wowote lazima ajiandikishe katika ofisi ya jiji ndani ya siku 14, kadi ya ukaazi mkononi. Pale nilijaza fomu za bima ya afya, ambayo humwachia mgonjwa asilimia 30 tu ya gharama ya matibabu, nikaulizwa mwaka wa kuzaliwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Nilizaliwa 1994, yaani Heisei 6. Mhuri wenye jina langu nilichongewa katika duka dogo chini ya gangi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiupiga kwenye karatasi za kila aina, tangu mkataba wa nyumba hadi risiti ya maziwa ya shule.

Nyumba yenyewe ina ukuta mwembamba na haina joto lake. Wenyeji hupasha chumba kimoja tu, kile wanachokalia, kwa jiko la mafuta ya taa, au huketi na miguu chini ya meza ya kotatsu yenye kipasha moto na blanketi lililoning'inia pande zote. Choo, jiko na ukumbi hubaki na baridi ile ile ya nje. Lori la mafuta ya taa hupita mitaani likipiga muziki wake. Taka nazo zina kalenda yake: za kuchoma siku hii, chupa za plastiki siku ile, mikebe siku nyingine, na zote hufunikwa kwa wavu ili kunguru wasizichambue. Mtu wa pwani ya Kenya haelezwi tabia za kunguru. Bibi wa nyumba ya tatu, mwenye umri wa mama yangu mkubwa, alinisimamia asubuhi za mwanzo mpaka nikaijua kalenda ile kwa moyo, na kila nilipopatia alinipa mboga kutoka bustanini mwake.

Nilipangiwa shule za bondeni na shule moja ya mlimani, mwendo wa basi kutoka mjini. Watoto huja kwa miguu, kwa makundi, wakubwa wakiwaongoza wadogo. Wale wa mlimani hufunga kengele ndogo kwenye mabegi yao ili dubu wasikie na kukaa mbali. Mlangoni kila mtu, mwalimu mkuu akiwemo, huvua viatu vya nje na kuvaa vya ndani. Chumba cha walimu kimepangwa madawati yanayotazamana, na mbele kabisa anakaa naibu mwalimu mkuu, ambaye ndiye anayeiendesha shule kwa hakika. Yeye ndiye wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Ukifika unasalimia chumba kizima kwa sauti, na ukiondoka unaomba radhi kwa kuwatangulia wenzako. Simu ikilia inapokelewa kabla haijalia mara ya tatu. Nilijifunza kazi ya ualimu ndani ya chumba kile zaidi ya nilivyojifunza chuoni, kwa kuwatazama tu: mwalimu wa darasa la pili akikata maumbo ya karatasi saa kumi na mbili jioni, mwalimu wa sayansi akimpigia simu mzazi kumweleza kwamba mtoto leo alicheka.

Kiingereza kilikuwa kitu cha sekondari kwa miaka mingi. Mwaka 2011 kiliingizwa katika darasa la tano na la sita kama shughuli tu, bila kitabu rasmi wala alama. Aprili 2020 kikawa somo kamili katika madarasa hayo, na zile shughuli zikashushwa hadi darasa la tatu na la nne. Darasani anayeongoza ni mwalimu wa darasa, ambaye hufundisha karibu kila kitu, kuanzia hesabu hadi kuogelea, na wengi wao hawakuwahi kufikiri kwamba siku moja watafundisha Kiingereza. Mwalimu msaidizi yupo ili watoto wasikie lugha hiyo ikitoka kinywani mwa mtu anayeitumia.

Sasa nieleze ule ukimya, maana ndio kazi yenyewe.

Darasa la tatu hakuna ukimya. Unauliza hali zao na mikono yote iko juu, huyu ana njaa, yule ana usingizi, wengine wanaruka. Darasa la tano unauliza swali jepesi kuliko hilo na chumba kinatulia. Macho yanashuka. Mtoto anamtazama jirani, jirani anaitazama kalamu. Mgeni anayefika anadhani hawajui. Wanajua. Pita kati ya madawati utaona jibu limeandikwa pembeni ya daftari, kwa herufi safi, kisha limefutwa. Kinachomfunga mdomo mtoto wa miaka 11 ni kujitenga na kundi kwa kusema jambo ambalo huenda si sahihi mbele ya watu wote atakaokula nao, atakaofagia nao na atakaotembea nao kurudi nyumbani mpaka amalize shule.

Nilikuwa nimeujua ukimya ule mapema maishani. Shuleni kwetu, aliyekamatwa akisema Kiswahili au Kigiriama alivikwa kibao shingoni. Tulikiita diski. Alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, amkabidhi, na jioni wote waliokibeba siku hiyo walichapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kuandika juu ya mateso ya aina hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind mwaka 1986, na miaka mingi baadaye sisi bado tulikuwa tunaning'iniziwa vibao. Matokeo yake tulinyamaza. Mtoto asiyekuwa na uhakika na Kiingereza, na aliyekatazwa lugha yake, hana la kusema kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Hakuna mtu anayevikwa kibao huko Takada. Walimu wa pale ni wapole kupita kiasi. Lakini mtoto anayepima neno mdomoni na kulimeza namfahamu, kwa sababu niliketi dawati lake.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho ningependa nifanyiwe. Swali halianzi kwa darasa zima. Linaanza kwa wawili, wanaambizana kwa sauti ya chini, kisha wanageuka na kuwa wanne, kisha ndipo linapofika mbele, na aliyejibu anasema jibu ambalo tayari wenzake watatu wamelisikia na kulikubali. Inachukua muda. Mwalimu wa darasa la tano, mama mtulivu aliyekuwa karibu na kustaafu, alinitazama wiki chache, kisha akaanza kutumia njia hiyo hiyo katika somo la Kijapani. Na mwalimu lazima angoje. Baada ya kuuliza, asilijaze pengo kwa maneno yake mwenyewe. Pengo hilo ni la mtoto.

La pili lilikuwa kuwaambia ukweli kuhusu mimi. Kitabu cha darasa la tatu kinafungua kwa salamu za nchi mbalimbali, na Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wanaweza kuzionyesha kwenye ramani, kwa sababu ya simba. Niliwaambia watoto wa kila darasa kwamba Kigiriama ni lugha ya nyanya yangu, Kiswahili ni lugha ya mtaa wetu, na Kiingereza ni cha tatu, nilikifundishwa shuleni, ubaoni, kama wao. Darasa la sita lilishangaa. Walikuwa wameamini kwamba mtu huzaliwa na Kiingereza au hukikosa kabisa. Siku hiyo niliwafundisha kuhesabu kwa Kiswahili, na walitamka moja hadi kumi bila kasoro, maana lugha zetu zote mbili zina irabu tano zile zile na maneno yake hupenda kuishia kwa irabu. Mvulana mmoja aliniuliza, kwa Kiingereza, kama nilikuwa nikiogopa kukosea. Nilimjibu kwamba ndiyo, kwa miaka. Akaandika jibu langu kwenye daftari.

Shule ya sekondari ya chini ni habari nyingine, na sitaikalia sana. Mwaka wa tatu unamalizika kwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu, kila mwalimu anahesabu kurasa zilizobaki, na msaidizi anaitwa kusoma kifungu kwa sauti na kurudi kwenye dawati lake. Simlaumu mwalimu anayefanya hivyo. Mtihani ndio unaomlazimisha.

Saa sita na dakika ishirini chakula kinafika. Sheria ya chakula cha shule ilipitishwa 1954, lakini desturi ni ya zamani kuliko hapo: inasemekana shule moja ya Tsuruoka, mkoa jirani wa Yamagata, ilianza kuwapa watoto maskini wali na samaki wa chumvi mwaka 1889. Leo watoto wa zamu wanavaa aproni nyeupe na kofia, wanasukuma kitoroli chenye masufuria hadi darasani, na wanawapakulia wenzao kwa upawa, kila bakuli kiasi kile kile. Hakuna mkahawa. Mwalimu anakula hapo hapo, chakula hicho hicho, pamoja na pakiti ya maziwa. Niigata ni nchi ya mpunga, na wali wake wa Koshihikari una utamu ambao hauhitaji mchuzi, ingawa mimi mchuzi niliuhitaji. Kila siku nilikaa kwenye kundi tofauti, na hapo ndipo Kiingereza kilipotoka: mtoto aliyenyamaza saa nne asubuhi aliniuliza saa sita na nusu kama Kenya kuna mbawakawa wakubwa, kwa maneno matatu na mikono miwili. Nilianza kupanga vipindi vyangu kwa kufuata maswali ya mezani. Tukasoma wanyama kwa kuanzia na wadudu.

Baada ya chakula muziki unapigwa na shule nzima inafanya usafi. Watoto wanapiga magoti mstari mmoja na kusukuma matambara yenye unyevu kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Nami nilipewa tambara. Nilipomsimulia mama kwa simu hakuamini upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo na hiyo baridi?"

Nikamweleza juu ya usafi.

"Na choo pia wanaosha wao?"

"Na choo pia, mama. Wale wakubwa."

"Na mwalimu naye?"

"Na mwalimu naye."

Akanyamaza kidogo. "Basi mwambie huyo mwalimu mkuu mimi namsalimu sana."

Ujumbe niliufikisha kama ulivyo, na mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kupokea salamu za mama yangu.

Mama aliuliza pia kama napata pilipili. Napata. Jirani na Jōetsu uko mji wa Myōkō, na huko mwezi Januari, siku za baridi kali kabisa, watu hutandaza pilipili nyekundu zilizotiwa chumvi juu ya theluji na kuziacha siku kadhaa. Theluji huzilainisha na kupunguza ukali. Baadaye husagwa, huchanganywa na yuzu, ambalo ni tunda la jamii ya ndimu, pamoja na chachu ya mchele, na kuachwa zichachuke kwa miaka. Huitwa kanzuri. Shamba zima jeupe lenye madoa mekundu, na wanawake wenye makoti ya bluu wakiirusha pilipili kwa mikono: sijaona mapishi mazuri kama hayo popote. Nilituma chupa Kilifi. Mama aliila na samaki wa kukaanga.

Walimu wageni wa jiji hukutana ofisi ya halmashauri ya elimu. Mpango wa serikali unaowaleta vijana kufundisha lugha ulianza 1987 na watu 848 kutoka nchi nne tu: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Siku hizi wanatoka katika nchi zipatazo 50, ingawa wengi bado ni Wamarekani. Nje ya mpango huo wapo wengine wengi, kama mimi, walioajiriwa kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na wapo wanaokodishwa na makampuni, ambao mwezi wa likizo hupata nusu mshahara au hawapati kitu. Kwenye mkutano wetu palikuwa na kijana wa Ohio, Mjamaika aliyekuwa mwanariadha, mwanamke wa Afrika Kusini, na mama wa Kifilipino aliyeolewa Jōetsu na kulea watoto wake pale. Huyu ndiye aliyekuwa fundi kuliko sote. Alijua wazazi, alijua Kijapani cha wazee wa mlimani, alijua mtoto yupi hatafika shule siku ya mvua. Lakini matangazo mengi ya kazi bado yanataka mzawa wa Kiingereza. Mwajiri wangu alinitaka nithibitishe miaka 12 ya kusoma kwa lugha hiyo, na yule mama alithibitisha vivyo hivyo, huku kijana aliyezaliwa nayo akiulizwa pasipoti tu.

Napinga jambo hilo kwa moyo wote. Mtu aliyejifunza lugha anajua mahali ambapo lugha hiyo inauma. Amepita njia ambayo mwanafunzi anaipita, na anaweza kumwonyesha kwa mwili wake kwamba upo mwisho wake. Historia ya Japani yenyewe iko upande wangu. Mwaka 1848, nchi ikiwa bado imefungwa kwa wageni, Ranald MacDonald alijitosa makusudi katika kisiwa cha Rishiri, kaskazini kabisa. Alikuwa mtoto wa Mskoti mfanyabiashara na mama wa kabila la Chinook. Alikamatwa, akapelekwa Nagasaki, na akiwa kifungoni akawafundisha Kiingereza wakalimani 14 wa serikali, wao nje ya nguzo za mbao, yeye ndani. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, ndiye aliyekalimani katika mazungumzo na Komodoro Perry wa jeshi la majini la Marekani mwaka 1854. Huyo MacDonald angekuja leo na uso wake na ukoo wake, ofisi nyingi zingemwuliza vyeti zaidi.

Takada ina mwalimu wake mgeni ambaye haijamsahau. Januari 1902 kikosi cha wanajeshi kilikuwa mazoezini katika milima ya Hakkōda, Aomori, kikapotea katika tufani ya theluji, na watu 199 kati ya 210 wakafa. Jeshi likawa linatafuta namna ya kutembea juu ya theluji. Januari 1911 Meja Theodor von Lerch wa Austria-Hungaria aliwafundisha maofisa wa Takada kuteleza kwa ski kwenye mlima Kanaya, akitumia mkongojo mmoja mrefu badala ya miwili. Sanamu yake ipo mlimani, na mchoro wake wa katuni uko kwenye keki, fulana na mabango ya mkoa mzima. Shule zetu za msingi zina vipindi vya ski kila Februari. Watoto wa darasa la nne walinichukua Kanaya, wakanivalisha, wakanipangia hatua, mmoja mbele mmoja nyuma, wakinihimiza kwa Kiingereza chote walichokuwa nacho: kushoto, kulia, polepole, vizuri sana. Hakuna aliyetazama kama jirani anamsikia. Walikuwa walimu, na mwalimu hana nafasi ya kuona aibu.

Siku ya mwaka mpya 2024 nilikuwa nimealikwa Naoetsu, upande wa bandari, kwa yule mama Mfilipino. Saa kumi na dakika kumi alasiri simu zetu zote zililia kwa mlio ule wa onyo, kisha nyumba ikatikiswa. Lilikuwa tetemeko la rasi ya Noto, la ukubwa wa 7.6. Kwenye televisheni ya NHK mtangazaji mwanamke aliacha sauti yake ya kawaida, akapaza, akiamuru watu wakimbie, sasa hivi, wasirudi nyuma. Tulipanda kwa miguu hadi shule iliyo juu. Tsunami iliingia kweli mto Seki na kupanda nao. Katika ukumbi wa mazoezi wa shule ile, watu wamejifunika mablanketi, nilimwona mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Pembeni yake walikaa vijana wa Kivietinamu waliokuwa wakifanya kazi kiwandani, wanatazama ubao wa matangazo bila kuelewa. Mtoto alinitazama, akawatazama, akaenda. Kwanza alijaribu Kiingereza, nao walikijua kidogo tu. Kisha akakivunja Kijapani chake vipande vifupi, maneno mepesi, akionyesha kwa kidole: maji hapa, choo kule, bahari bado ni hatari.

Kijapani chepesi cha aina hiyo kimetengenezwa makusudi. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, ambako wageni wengi waliumia na wengine wakakosa msaada kwa kutofahamu matangazo, wataalamu wa lugha walianza kuandaa namna ya kutangaza hatari kwa sentensi fupi na maneno ya kawaida. Manispaa nyingi sasa hufundisha watumishi wake. Mtoto yule hakufundishwa na manispaa. Alikuwa amekaa darasani miezi mingi akijifunza kumsemesha mtu asiyejua lugha yake, na usiku ule alijua pa kuanzia.

Likizo ya Machi ilipofika nilipanda treni hadi Sendai, kisha Ishinomaki, pwani ya pili ya nchi. Nilitaka kwenda tangu Januari. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipokwisha, Taylor Anderson, Mmarekani wa miaka 24 aliyefundisha Kiingereza katika shule za mji huo, alibaki shuleni mpaka watoto wakachukuliwa na wazazi wao, kisha akapanda baiskeli kurudi nyumbani. Tsunami ilimkuta njiani. Huko Rikuzentakata, kaskazini zaidi, alikufa Monty Dickson wa Alaska, naye mwalimu msaidizi. Wazazi wa Taylor, badala ya kuukimbia mji uliomchukua binti yao, walianza kuzipelekea shule za Ishinomaki vitabu vya Kiingereza pamoja na makabati ya kuviwekea. Aliyeyatengeneza makabati ni seremala wa pale pale ambaye siku ile ile alipoteza watoto wake watatu. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa Taylor.

Nilitembea hadi magofu ya shule ya msingi Kadonowaki, iliyoungua baada ya maji kuja na moto juu yake, ambayo sasa imehifadhiwa ili watu waione. Madawati ya chuma yamebaki mifupa mitupu darasani. Nilisimama mbele ya darasa ambalo ubao wake bado uko ukutani, nikafikiri juu ya mwalimu mwenzangu na lile jambo la mwisho alilolifanya, ambalo halimo kwenye mkataba wa mwalimu msaidizi yeyote: kuhakikisha kila mtoto amepata mtu wa kumchukua.

Shule yangu ya mlimani inapungua. Mwaka 2024 watoto waliozaliwa kwa Wajapani nchi nzima walikuwa pungufu ya 700,000 kwa mara ya kwanza, na mlimani hesabu hiyo inaonekana kwa macho: madarasa mawili yanafundishwa chumba kimoja, na kwenye ukumbi wa viatu visanduku vingi havina jina. Wazee wa kijiji huja kwenye tamasha la michezo hata kama hawana mjukuu, wanakimbia mbio za kupokezana ili timu zitimie.

Machi ndio mwezi wa uhamisho. Walimu wa shule za serikali huhamishwa kila baada ya miaka michache, na magazeti ya mkoa huchapisha majina yao yote. Nami mkataba wangu ulirefushwa, ila kwa shule ya sekondari ya Naoetsu. Anayepanda mlimani badala yangu ni yule mama wa Kifilipino. Naibu mwalimu mkuu aliniagiza niandike maelezo ya makabidhiano, kama afanyavyo kila anayehama. Niliandika lile jiko la mafuta linavyowashwa, mtoto gani hali mayai, nani asiketishwe karibu na mlango kwa sababu anaogopa upepo, na kwamba darasa la tano wakinyamaza wapewe muda.

Tulikutana chini ya gangi, karibu na duka la mihuri, nikampa karatasi zile. Alizisoma zote akiwa amesimama. Alikuwa na maswali mawili tu: basi la asubuhi linaondoka saa ngapi, na kama watoto wa kule wanajua kwamba Kitagalogi ndiyo lugha yake ya kwanza. Nilimwambia basi ni saa moja na dakika kumi, na hilo la pili watamwuliza wenyewe, kwa Kiingereza, maana ndilo swali tulilolifanyia mazoezi Februari nzima.